Steringi Aliyeumwa na Mifupa

Harufu ya mahindi makavu hunirudisha kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Kitale, hata nikiwa hapa Bungoma nimesimama tu mlangoni mwa poshomili, kinu cha kusaga unga. Vumbi lile likinipanda puani, nasikia punje zikidondoka kwenye karai na sauti ya binamu yangu Wafula ikisema, "Sasa hapo steringi akaruka."

Kama ulikulia huku kwetu, huna haja ya kuelezwa steringi ni nani. Ni yule shujaa wa filamu, na sheria yake ni moja tu: steringi hafi.

Likizo za Desemba, mimi na kaka yangu Simiyu tulipelekwa kwa shangazi kusaidia kupukuchua mahindi. Wafula, mwanawe, alikuwa na ugonjwa wa seli mundu, ingawa sisi tuliambiwa tu kwamba mifupa yake haielewani na baridi. Mpira hakucheza. Lakini kila alipopelekwa kliniki mjini, shangazi alimwacha kwenye ukumbi wa video huku yeye akizunguka sokoni. Kwa hiyo Wafula peke yake ndiye aliyeona filamu, na sisi tulipukuchua huku akitusimulia. Shangazi alifurahi, maana hadithi ikinoga, gunia lilijaa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya vyombo vya angani, yenye sehemu nyingi. Mwanzoni steringi alikuwa askari wa kawaida mwenye bunduki ya miale inayokwama kila akiihitaji, nasi tulimpenda sana. Tatizo ni kwamba kila sehemu mpya ilimwongezea nguvu. Akaanza kuzuia risasi kwa kiganja. Baadaye akawa anasukuma nyota kama mtu anayesogeza kiti. Nadhani maadui wote walikuwa wamefundishwa ile methali ya mwenye nguvu mpishe.

Simiyu ndiye aliyechoka kwanza.

"Kwani huyu jamaa hawezi pigwa?"

"Hawezi," Wafula alisema kwa fahari.

"Basi si tunajua ameshinda. Twende mpira, bana."

Tukaenda. Nilipogeuka nilimwona Wafula amebaki na rundo la mahindi, midomo ikicheza, kana kwamba bado anamsimulia mtu.

Aliporudi tena kutoka kliniki, alikuja na sehemu mpya. "Steringi ameanza kuumwa," akatangaza.

"Ati anaumwa?" Simiyu akaliweka gunzi chini.

Ilikuwa kwenye sayari ya barafu. Goti la steringi lilivimba, chombo kikawa hakina rubani, na maadui wakapata habari. Wafula aliyaeleza maumivu yale taratibu: yalivyoanzia kifundoni, yalivyopanda pajani, na jinsi steringi alivyouma blanketi ili askari wake wasimsikie. Hakuna aliyetaja mpira tena likizo ile. Asubuhi niliacha chai nusu nikakimbilia kwenye turubai la mahindi, na moyoni niliogopa kweli. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini goti moja lilitushika kuliko nyota zote zile.

"Atapona?" nilimuuliza siku moja.

"Hiyo sehemu sijaona."

Nilikasirika. Nilidhani anatubania mwisho ili tusimwache.

Juzi wanangu waliipata filamu ile kwenye simu, tukaitazama sehemu baada ya sehemu. Nilisubiri sayari ya barafu, haikuja. Steringi hakuumwa hata kichwa. Nguvu zake zilizidi hadi kitinda mimba wangu akasinzia. Ndipo nikaelewa Wafula aliyatoa wapi maumivu yale, na machozi yakanitoka mbele ya watoto.

Nikampigia simu. Siku hizi anauza mbegu Kachibora, ana mke na binti. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia mwisho, ilhali hadithi ilikuwa yake mwenyewe.

Alicheka.

"Dada, ningewaambia nini? Hata mimi nilikuwa nangoja nione."

Miaka yote hiyo nilidhani mwisho anao na anatuficha. Kumbe kila asubuhi alitusimulia hadi pale alipokuwa amefika, nasi tukaketi naye tukipukuchua.