Bibi Alipouliza Kosa la Baba Mdogo

Mwezi uliopita niliingia duka moja la pembejeo hapa Bariadi kutafuta dawa ya nyanya. Kumbe kuna chupa ilikuwa imevuja kwenye rafu, na harufu yake ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Kijana wa dukani aliniomba radhi, akaharakisha kufungua dirisha. Nikamwambia aache tu. Mimi dawa inayonuka naiamini, kwa sababu nikiwa na miaka kumi niliona dawa isiyonuka ilivyotuingiza matatani nyumbani kwetu.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Zamani ushirika ndio uliotuletea mbegu na dawa, na ndio uliochukua pamba yetu. Halafu ghafla yeyote mwenye pikapu akawa anaweza kuja senta, kufungua turubai na kufanya biashara. Redioni walisema ni soko huria. Bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na majina ya bidhaa, alidhani Huria ni jina la mfanyabiashara, akawa anauliza watu huyo Huria ni mtoto wa nani.

Baba na mama walikuwa Lamadi kwenye biashara ya samaki, kwa hiyo mimi nilikaa kijijini na Bibi, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Tuliishi na mwanawe wa mwisho, Masanja, ambaye mimi nilimwita baba mdogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mifuko ya shati lake ilikuwa na madoa ya wino yasiyotoka hata Bibi ayasugue vipi. Aliandikia gazeti moja la Dar es Salaam. Habari zake aliziandika kwa mkono kwenye karatasi ndefu za mistari, akazikunja ndani ya bahasha, akampa kondakta wa basi la Mwanza. Baada ya wiki mbili au tatu gazeti lilirudi kwa basi lilelile, na kama habari yake imo, tulijua kwa jinsi alivyopiga kengele ya baiskeli kuanzia kisimani.

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja mgeni alileta dawa ya pamba. Ilikuwa kwenye madebe mapya yanayong'aa, na tuliambiwa ni kali kuliko ya ushirika. Bibi alipofungua debe lake alinusa, akanusa tena, akaniita na mimi ninuse. Ilinuka kama maji yaliyolala kwenye mtungi. Wanawake wote waliopulizia mashamba wiki ile walisema hivyohivyo: haiwashi macho, haichomi koo, nguo hazinuki. Baada ya siku kumi tulipasua vitumba vya pamba, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na funza mnene amejilaza kama mwenye nyumba.

Baba mdogo hakutaka kuandika kwa kusikia tu. Alinituma nimletee funza watano. Nikawatia kwenye chupa ya jamu pamoja na majani, naye akawanyunyizia ile dawa mara tatu, mbele ya Bibi na majirani wawili. Kesho yake funza walikuwa hai. Keshokutwa walikuwa wamemaliza majani. Siku ya nne mmoja alikuwa amenenepa hadi nikampa jina la mwalimu wangu wa hesabu, na baba mdogo alicheka sana, kisha akaketi kuandika. Habari ile ilipotoka, Mzee Salum mwenye duka aliisoma kwa sauti barazani kwake, na watu wakamwomba airudie. Ilisema dawa ni maji, ikataja mkubwa gani aliiruhusu iuzwe bila kupimwa.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, Landrova ilisimama uani kwetu. Baba mdogo alikuwa anaziba pancha. Askari wawili walishuka, wakasalimia vizuri, wakasema anahitajika kwa mahojiano mafupi. Alinawa mikono kwenye beseni lilelile alilotafutia tundu la pancha, akamwambia Bibi atarudi kabla ya ng'ombe. Ng'ombe walirudi. Yeye hakurudi.

Asubuhi Bibi alifunga matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kwenye kitambaa, akachukua na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akanishika mkono. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "leo shule itakusubiri. Wewe ndiye mdomo wangu."

Kituo cha polisi kilikuwa nyumba ndogo yenye dirisha moja la nondo upande wa nyuma. Mkuu wake, tuliyemwita Afande kama watu wote, hakuwa mtu wa kwetu na hakujua Kisukuma. Kaunta yake ilinifika kidevuni. Bibi alisimama wima, akasema maneno machache kwa Kisukuma, polepole, ili nisikosee. Alisema: Muulize mwanangu ana kosa gani, na kosa hilo limeandikwa wapi.

Nami nilimtazama Afande, nikatazama rungu lililolala mezani, nikasema kwa Kiswahili cha darasa la nne: "Shikamoo, Afande. Bibi anaomba umsamehe baba mdogo."

Sikukusudia kudanganya. Shuleni tulifundishwa kuwa ukitaka kitu kwa mkubwa unaomba, tena kwa sauti ya chini. Swali la Bibi lilikuwa halina "naomba" hata moja, nikaliona kama mtu anayekwenda kanisani bila nguo. Nikalivika.

Afande alilainika. "Mwambie bibi yako avute subira," alisema. "Amri imetoka juu."

Hilo nililitafsiri sawasawa. Bibi akauliza, "Juu wapi? Kwa Mungu?" Nikamwambia Afande kuwa Bibi anashukuru.

Tulikwenda siku ya pili, tukaenda na ya tatu. Kila siku Bibi aliuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale, na kila siku mimi niliomba msamaha. Nilianza kujisifu moyoni. Afande alinisalimia kwa jina, akapokea chakula bila kukichokonoa, na mara moja alinipa pipi. Nilidhani kazi yangu inakwenda vizuri.

Siku ya nne Mzee Salum alifuatana nasi, akiwa na kipande cha sabuni na taulo. Alikuwa ametoka Tabora akiwa kijana na amekaa kwetu hadi Kisukuma chake kikawa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Bibi aliuliza. Mimi nikaomba. Nikaona Mzee Salum anageuza kichwa na kunitazama, lakini kabla hajasema kitu Afande alianza kunung'unika.

"Huyu mwanao ana kiburi, bibi. Tumemwandalia karatasi ya kuomba radhi, akubali kuwa aliandika uongo, aende zake. Anakataa kusaini. Nimemwambia, mama yako mzazi anakuja hapa kila siku kukuombea msamaha, wewe ni nani? Tangu nimwambie hivyo jana hajagusa chakula."

Ilikuwa zamu yangu kutafsiri. Sikuweza. Mzee Salum akavua kofia yake, akamwambia Bibi kila neno kwa Kisukuma, la Afande na langu.

Bibi aliweka kibuyu chake sakafuni. Nilisubiri kofi. Badala yake aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, na nikaona kuwa macho yake yana maji.

"Nilisema nini mimi?" aliniuliza.

Nikamwambia alichosema.

"Basi kiseme. Kwa sauti. Na yeye ndani asikie."

Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Nilianza kulia kabla sijaanza kusema, kwa hiyo maneno yalitoka kwa kelele nyingi kuliko nilivyotaka. "Bibi hajaomba msamaha! Mimi ndiye niliyesema uongo! Bibi anauliza, baba mdogo ana kosa gani, na limeandikwa wapi? Kama analo, apelekwe kwa hakimu. Kama hana, anamtaka sasa hivi!"

Hayo ya hakimu Bibi alikuwa ananiongezea sikioni, neno baada ya neno, maana Mzee Salum alimnong'oneza kuwa sheria hairuhusu mtu alazwe ndani siku zote hizo bila kufikishwa mahakamani. Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Nilikijua kikohozi kile.

Afande alisema uchunguzi haujakamilika. Bibi akasema atarudi kesho kuuliza tena, safari hii na wenzake.

Na kesho yake alikuja nao. Sijui aliwapitia saa ngapi, lakini tulipofika kituoni tulikuwa wanawake ishirini na kitu, wale waliopulizia dawa ile, wengine na watoto mgongoni. Kila mmoja alibeba vitumba vya pamba vilivyotobolewa kwenye upande wa kanga. Hawakupiga kelele. Walipanda baraza mmojammoja, wakamwaga vitumba vyao mbele ya mlango, wakaenda kukaa. Lundo lilifika magotini mwangu, na funza walianza kutoka na kutembea sakafuni kuelekea ndani. Askari mmoja kijana alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

Bibi aliniweka mbele yake. "Mwambie: habari za funza mwanangu alizipata kwetu. Sisi ndio tulimwambia dawa ni maji. Kama kusema hivyo ni kosa, atuandike na sisi."

Nilisema hivyohivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Maneno yote yalifika.

Afande alikasirika. Akavuta daftari kubwa la kituo, akalifungua kwa kishindo. "Haya! Nawaandika. Jina?"

Bibi alitaja jina lake. Afande akaandika. Akauliza kijiji, akaandika. Nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole, naona kalamu inavyotembea kwenye mistari. Kisha ikasimama.

"Amefika wapi?" Bibi aliniuliza.

"Amefika penye kosa," nilisema.

"Anaandika nini?"

"Haandiki, Bibi."

Kalamu ilibaki hewani. Nilimwona Afande, kwa mara ya kwanza, kama mtu mzima aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma. Hakuwa mtu mbaya, sasa najua. Alikuwa na watoto wake mahali, na mtu wa juu yake, na huyo naye alikuwa na wa juu yake. Alifunga daftari taratibu, akaingia chumba cha ndani, tukasikia redio ya mawasiliano inakoroma. Alipotoka alirudi kukaa nyuma ya kaunta. Wanawake walikaa pale hadi jua lilipoanza kulegea, wakaenda kukamua, na asubuhi wakarudi wote.

Siku iliyofuata alimtoa. Hakukuwa na karatasi wala maelezo. Alisema tu, "Mchukueni." Baba mdogo alitoka bila mkanda, anashikilia suruali kwa mkono mmoja, ndevu zimemjaa, macho yanakwepa mwanga. Daftari lake la habari, lililokuwa mfukoni mwake alipochukuliwa, hakurudishiwa kamwe. Bibi hakumkumbatia, si desturi ya wazee wetu. Alimpa kibuyu, akasimama kumtazama anavyokunywa hadi tone la mwisho.

Ningependa kuwaambia kuwa na yule mwenye dawa alishikwa. Hapana. Alifunga turubai lake, tukasikia yuko wilaya nyingine. Pamba ya mwaka ule ilikufa, na mimi sare ya darasa la tano sikuipata hadi muhula wa pili. Baba mdogo aliendelea kuandika, lakini kwa miaka mingi gari likisimama uani aliacha anachofanya na kunawa mikono.

Njiani siku ile alinipakia mbele kwenye baiskeli aliyoazimwa na Mzee Salum, Bibi na wenzake wakitangulia kwa miguu. Niliogopa kugeuka. Mwishowe nilimwambia kwamba ni mimi niliyeomba msamaha, si Bibi. Aliendelea kukanyaga pedali.

"Najua," alisema. "Nilikusikia ukipiga kelele. Nilikula siku ile."

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa uongo, kama wa kuiba sukari. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilipoelewa uzito wake. Watu wale walikuwa wamemfunga mtu bila kosa la kuandika, wakawa wanalitafuta, na mimi kwa adabu yangu nzuri nilikuwa nawapelekea kila asubuhi pamoja na matobolwa. Anayeombewa msamaha ameshakubaliwa kuwa ni mkosaji. Bibi, ambaye hakuwahi kushika kalamu maishani, alilijua hilo, ndiyo maana hakubadilisha swali lake hata neno moja.

Kabla hajafariki nilimuuliza kwa nini siku ile hakunichapa, yeye aliyekuwa mwepesi wa fimbo hata kwa sufuria iliyoungua. Tulikuwa tunapukuchua karanga. Alinitazama kama aliyeshangaa kwamba bado sijajua.

"Ningekuchapa," alisema, "kesho yake nani angenisemea?"