Nilipanda ndege hadi Italia ndiyo niseme nani aliangusha ukuta wa kanisa letu

Wakuu, salamu kutoka Kibomet, hapa Kitale. Mimi ni fundi wa mawe, shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mkipata makosa ya kuandika rukeni tu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na watu nitawataja.

Ni miaka ya 2000, wakati simu ndogo za tochi, zile za mulika mwizi, zilikuwa zinaanza kushikwa na kila mtu.

Tulikuwa tunajenga kanisa letu upande wa Chwele, kule Bungoma, ambako nilikuwa naishi wakati huo. Mimi na mwenzangu Wanjala. Tulimwaga linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, tukaishikilia na miti. Zege kama hiyo inataka wiki tatu miti ikiwa chini yake.

Siku ya nne mwenyekiti wa kamati, Wekesa, akasema miti itolewe. Ati askofu anapita Jumapili na kanisa lionekane limeisha. Katekista Barasa ndiye alileta watu wa kuitoa.

Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nikanyamaza.

Tulikuwa ndani tunapiga plasta linta iliposhuka na ukuta. Wanjala alikufa hapo hapo. Mimi nilitolewa mguu umevunjika mara mbili.

Wekesa na Barasa wakaambia watu ati mimi fundi nilichanganya mchanga mwingi, simiti kidogo. Mke wa Wanjala, Mama Nafula, akaacha kunisalimia. Nilinyamaza tena, kwa sababu nilikuwa nataka nipewe kazi ya kujenga upya. Hiyo nimesema mapema msinitafutie makosa baadaye.

Mwaka uliofuata Padre wetu, mzee Mwitaliano, alitupeleka kwao watu watatu: Wekesa, Mama Rosa wa kwaya, na mimi. Wekesa hakutaka jina langu. Padre akasema, "Nataka fundi aone mawe."

Sasa huko mashambani kwao, miji ya zamani imekaa juu ya vilima. Nyumba zimebanana ndani ya ukuta mmoja mkubwa, barabara nyingine ni ngazi tu. Shamba liko chini kabisa.

Mama Rosa akauliza, "Padre, kwani hawa walikuwa wanakimbia nani?"

"Majirani," Padre akasema.

Mimi nilikuwa nyuma na mguu wangu. Wekesa akageuka, "Fundi, tukuletee punda?"

"Wacha mzee wa watu, bana," Mama Rosa akamwambia.

Tuliona makanisa manne siku hiyo. Mimi picha za watakatifu sikuangalia sana. Niliangalia kona. Ukuta unapita urefu wa mkono wangu kwa unene, chokaa na mawe tu, hakuna chuma, na umesimama miaka mia nane.

Kanisa la mwisho lilikuwa na mzee wa kulitunza. Nikamuuliza, kupitia Padre, haya matao ya juu waliyashika na nini wakijenga.

Akasema mbao. Na mbao zilikaa hapo miezi, hadi chokaa ishike. Hata mkubwa wa mji akiwa na haraka, alingoja kama wengine.

Padre alitafsiri polepole. Wekesa akaenda kuangalia mshumaa.

Tukakaa misa hapo. Nyinyi mnajua kwetu mgeni kanisani lazima asimame, ataje jina na alikotoka. Kule misa iliisha na hakuna mtu ametuita.

Mama Rosa akaninong'oneza, "Si wametusahau?"

Nikasimama mwenyewe. Wazee waliokuwa wanatoka wakarudi kukaa, Padre akaja kutafsiri. Nilikuwa nataka kutaja jina na Chwele, basi. Lakini nikaendelea. Nikasema linta, miti, siku ya nne, Wekesa huyu hapa, Barasa aliyebaki nyumbani, na Wanjala. Padre akatafsiri yote.

Wale wazee walikuja mmoja mmoja wakanishika mkono.

Nje Wekesa akaniambia, "Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani maiki ni yako," nikamwambia.

Tuliporudi Chwele, Jumapili tukaitwa mbele tutoe ripoti ya safari. Wekesa akasimulia ndege na chakula. Padre akasema, "Na fundi." Nikasema yale yale, na nikasema pia nilivyonyamaza na sababu yake. Wekesa alitoka kabla ya sadaka. Barasa aliangalia chini.

Nilijua Mama Nafula atanisalimia sasa. Alinifuata mpaka nje, mkono hakunipa.

"Shemeji," akaniambia, "nyumba yangu na yako ni dakika kumi kwa miguu. Ulienda kuambia Wazungu kwanza?"

Akageuka, akashika njia ya nyumbani kwake.

Kazi ya kujenga upya nilipewa, na kanisa limesimama. Wekesa na Barasa hawajawahi kuomba yule mama msamaha, ndiyo maana nimewataja.

Nilichojifunza ni hiki: kama unajua kitu kuhusu kifo cha mtu, anza na mlango wa wenye kufiwa. Kwingine kote ni kujitua mzigo tu.

Mafundi wenzangu mliowahi kuambiwa mtoe miti mapema, mlifanyaje? Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma.