Usukani wa Kushoto

Lile lori lilikaa chini ya kitanda changu miaka minne kabla mwanangu hajamgonga yule mama. Lilikuwa bado kwenye boksi lake, vipande vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki, na kila nilipoinama kutafuta kitu kingine nililisukuma nyuma zaidi, hadi likagusa ukuta. Sababu sikuwa nayo. Sasa naweza kusema nilihisi kitu, lakini mtu akishapatwa na jambo huona dalili hata kwenye sufuria.

Mimi ni fundi wa magari madogo ya plastiki. Ukitaka kucheka cheka sasa, umalize. Niliacha shule darasa la tatu. Nimeuza mitumba ya watoto soko la Gikomba mpaka magoti yakakataa, na ndani ya yale marobota ya wanasesere ndimo nilimokutana na magari haya, yanayofanana na ya kweli mpaka nati za magurudumu. Mengine yalikuja yamevunjika. Mengine yalikuja vipande vipande, na karatasi ya maelezo kwa Kichina, na hapo mimi na profesa tuko sawa, sote tunatazama picha. Baba yangu alikuwa mchongaji kule Ukambani, akichonga twiga wa kuuzia watalii, na nadhani mikono yake ndiyo niliyorithi. Rangi mbovu naitoa kwa kulowesha gari kwenye mafuta ya breki. Kioo kilichochubuka nakisugua kwa dawa ya meno. Kipande kikikosekana nakikata kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia. Madereva kutoka Makadara hadi Huruma huniletea picha za magari yao niwatengenezee ya kuweka juu ya televisheni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia kazi.

Gundi ya magari haya si ya kubandika. Ni maji makali yanayoyeyusha plastiki: unapaka kidogo, unashikilia, unahesabu hadi thelathini, na vile vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Ukikosea unakata kwa wembe. Mara moja plastiki inakubali. Mara ya pili inapasuka, na huna gari.

Mwanangu ni dereva wa lori la mchanga, miaka ishirini barabarani. Asubuhi moja, saa tatu, kwenye barabara ya kuingilia Huruma, alimgonga mwanamke wa rika langu aliyekuwa akivuka, akafa pale pale. Kushoto mwa barabara palikuwa na lori la maji lililoharibika, limewekewa mawe nyuma ya magurudumu. Mwanangu aliwaambia polisi, akamwambia wakili, akaniambia na mimi, kwa maneno yale yale kila mara: yule mama alichomoka mbele ya lori la maji, na yeye hakumwona mpaka alipokuwa kwenye bampa. Alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya. Alitoka kwa dhamana akaja kukaa kwangu, akilala kwenye kochi, na binti yake, mjukuu wangu niliyemlea mimi, aliye mwaka wa pili chuoni, akawa anampita asubuhi kwa vidole vya miguu kama mtu anayepita mgonjwa.

Nilijua kinachomngoja kama kesi haitaenda vizuri. Gereza. Na sikutaka kusikia neno hilo nyumbani kwangu, nikamkataza msichana asilitaje hata kwa Kiingereza.

Kila lori la kweli lilipopiga honi huko Jogoo Road, mwanangu alisimamisha kijiko hewani. Honi zikikwisha, anaendelea kula. Nilidhani ni mshtuko wa ajali.

Wakili wake ana ofisi nyuma ya korti pale Makadara, ngazi nyembamba, viti viwili. Alituambia shida ni moja. Hakimu hataenda Huruma kusimama barabarani. Atasikia maneno ya huyu na maneno ya yule, na mchoro wa polisi ni mistari tu. Kama angeweza kuona kwa macho yake jinsi lile lori la maji lilivyomficha marehemu, kesi ingekuwa nyepesi.

Mdomo wangu haungoji ruhusa. Nikasema, "Barabara hiyo nitamletea hapa hapa kortini."

Wakili alimtazama mwanangu. Mwanangu alitazama sakafu. Nikadhani anaona haya kwa sababu ya mama yake mwenye kelele, nikajisemea, ngoja uone.

Ndipo nilipolala kifudifudi sakafuni na ufagio nikalivuta lile boksi. Lori la mchanga, rangi ya buluu, kichwa cha aina ile ile anayoendesha mwanangu. Nilipofungua, vumbi lilikuwa limeingia mpaka ndani ya mfuko wa magurudumu, na sijui lilipitia wapi.

Mjukuu wangu alichukua hesabu. Alienda Huruma mwenyewe kwa miguu, akahesabu hatua kutoka tuta hadi mahali lori la maji liliposimama, akapiga picha, akarudi akaniambia kila kitu tunakigawa mara ishirini na nne, kwa sababu boksi linasema gari la kweli ni hili mara ishirini na nne. Tulilaza mlango wa kabati la zamani juu ya meza, tukaupaka rangi ya lami. Lori la maji nililitengeneza kwa gari bovu la zamani na chupa ya shampuu. Yule mama nilimchonga kwenye mpini wa mswaki, urefu wa kidole changu cha kati. Nilimwacha mwisho. Nilimvika leso nyekundu kwa sababu rangi ya kucha niliyokuwa nayo ilikuwa nyekundu, na hakuna aliyeniambia alivaa nini. Uso sikumpa.

Siku ya kuunga dashibodi nilimwita mwanangu anishikilie. Alikaa karibu nami, vidole vyake vinene vimebana kile kipande chenye usukani, tukahesabu pamoja hadi thelathini kama tulivyokuwa tukihesabu akiwa mdogo. Nilikuwa na haraka, kesi ilikuwa Jumatatu. Nilifuata picha ya karatasi, basi.

Jioni ile tulijaribu. Baba yangu alikuwa akipima unyoofu wa mbao kwa uzi, na mimi nilifanya vile vile. Nilifunga uzi mweusi kwenye usukani, pale kichwa cha dereva kinapokaa, nikautoa kwa dirisha la mbele, mjukuu akashika ncha ya pili kifuani mwa yule mama wa mswaki. Tukauvuta ukanyooka. Uzi uligonga kona ya lori la maji, ukapinda. Maana yake dereva hawezi kuona. Macho ya mtu si ya kupinda.

Msichana alipiga makofi. Alisema, "Susu, we ni noma." Susu ni bibi kwa Kikamba chetu, na noma kwao ni sifa. Mwanangu alikula sahani mbili usiku huo. Hakucheka lakini. Alikula kama mtu anayejaza gunia.

Jumamosi nilikuwa peke yangu, nikipaka usukani rangi nyeusi kwa ncha ya sindano, kazi ya mwisho kabisa. Nikahisi kitu si sawa. Ilikuwa kama kumtazama mtoto aliyevaa viatu mguu si wake, unajua kuna kosa kabla ya kujua ni lipi. Nikaiweka sindano chini, nikavaa miwani vizuri.

Usukani ulikuwa kushoto.

Maboksi mengi hutoka nchi wanakoendesha upande mwingine. Hilo nalijua kuliko nijuavyo jina la ukoo wa mume wangu. Kila gari ninalomtengenezea dereva wa hapa nalihamisha usukani kulia kabla ya kugusa kitu kingine, na siku hiyo moja nililisahau. Sawa, mimi ni mzee, nilikuwa na haraka. Lakini aliyekuwa amekishika kile kipande mkononi, akihesabu nami hadi thelathini, ni dereva wa miaka ishirini. Ameamka kila siku akakaa kulia. Na hakusema.

Nilikaa na lile lori mapajani muda mrefu. Harufu ya gundi ilikuwa bado chumbani ingawa dirisha nilikuwa nimelifungua tangu Alhamisi.

Ningeweza kuliacha vile. Nani angeangalia ndani ya kidirisha kikubwa kama kucha? Hakimu angeona uzi umepinda, basi. Nilifikiria hivyo, na sitasema uongo kwamba sikufikiria. Nilimfikiria msichana na karo yake na jinsi anavyopita kwa vidole. Kisha nikachukua wembe. Kuna kazi siwezi kuitoa mlangoni kwangu, hata kama ni ya kumwokoa mtoto wangu, na kama hicho ni kiburi basi nimezaliwa nacho. Nilikata dashibodi yote, nikachonga nyingine kwenye kifuniko cha kopo, nikaunga usukani kulia. Nilihesabu mwenyewe hadi thelathini.

Jumapili baada ya kanisa nilimwita mjukuu ashike uzi tena. Nilimwambia nataka kuhakikisha tu. Alishika ncha yake kwenye kifua cha yule mama, mimi nikavuta. Uzi ulipita kando ya kona ya lori la maji, na nafasi ikabaki ya kupitisha punje ya mchele.

"Susu," akasema, "uzi haugusi."

Nilimwambia avute tena. Alivuta. Akainama, akachungulia ndani ya kichwa cha lori, akaona usukani ulipo sasa, na pale ulipokuwa, alama ya wembe. Huyo ni mtoto mwerevu. Aliachia uzi, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Mwanangu alirudi saa kumi. Alisimama mlangoni akaona uzi umelala juu ya mlango wa kabati, akamwona binti yake kule jikoni amempa mgongo. Alikuja mezani akachungulia ndani ya lori kwa jicho moja.

"Rudisha, Mama."

"Hairudi. Nimeshaikata mara moja."

"Uliniona nimekishika. Kwa nini hukuiacha vile?"

"Na wewe uliona. Kwa nini hukusema?"

Alikaa. Nilidhani atalivunja, mkono wake ulikuwa umeshalifikia, na ule mkono ni mkubwa, lingekuwa unga. Lakini ulilipita lile lori, ukaenda kwa yule mama. Alimng'oa barabarani, akamshika kwa vidole viwili, akamgeuza.

"Leso haikuwa nyekundu," akasema. "Ilikuwa ya manjano."

Nikasema hilo si neno, leso hata polisi waliiona.

"Na alikuwa ameinua mkono."

Bomba la maji kule jikoni lilifungwa. Mtu aliyechomoka ghafla hadi kwenye bampa hana nafasi ya kumwinulia dereva mkono, na dereva ambaye hakuona kitu hawezi kujua ulikuwa juu. Sisi watatu tulilielewa hilo kwa wakati mmoja.

Alituambia mengine taratibu, akiongea na ule mswaki. Alimwona kutoka mbali. Mama alikuwa ameshaingia barabarani, ameinua mkono kumwomba asimame, kama wazee wanavyofanya. Yeye alikuwa na mzigo wa pili wa mchanga unaongojwa, na tuta lilikuwa limeshampunguzia mwendo, hakutaka kupunguza tena.

"Nilipiga honi," akasema. "Nilidhani atarudi nyuma."

Huko Jogoo Road gari fulani lilipiga honi wakati huo huo, ndefu, na mwanangu akafumba macho mpaka ikaisha.

Sikumkumbatia. Watu wangependa niandike kwamba nilimkumbatia. Nilimwona mbele yangu yule mwanamke wa rika langu na mkono wake hewani, na nikajua nimeinua mkono wangu hivyo hivyo mara ngapi katika barabara hizi, nikiamini. Nilimuuliza jambo moja tu, kesho atamwambia hakimu nini. Akasema hajui.

Ila aliomba mshumaa. Nilimwashia ule ninaopindia plastiki. Hajawahi kufanya kazi yangu, tangu utotoni alisema ni mambo ya kitoto. Alipasha ubavu wa mswaki juu ya moto, akauma midomo, akavuta kijisehemu cha plastiki kwa kibano changu, polepole, mpaka kikatoka kama mkono, chembamba, kimepinda kidogo kwenye kiwiko. Akapuliza kikapoa. Akamrudisha yule mama mahali pake, mkono juu, akamwelekeza lori.

Jumatatu aliubeba mlango wa kabati mwenyewe kichwani mpaka kortini, mimi na msichana nyuma. Kabla ya kuingia alimvuta wakili pembeni. Sikusikia, lakini nilimwona wakili akitazama lile lori, kisha akanitazama mimi kwa macho ambayo hayakuwa ya heshima. Ndani, jina lake lilipoitwa, mwanangu aliomba kubadilisha jibu lake la kukana shtaka. Alisema ni kweli. Ilichukua muda mfupi kuliko kuunga gurudumu. Hakimu hakuhitaji kuangalia mlango wa kabati.

Hukumu itasomwa Alhamisi ijayo, na mpaka hapo wamemweka ndani. Barabara ilirudi nyumbani nasi, iko juu ya meza, na mimi na mjukuu tunakula tukiwa tumeizunguka kwa sababu meza ni hiyo moja. Juzi nilikuta msichana amegeuza lori likatazama ukuta. Nililirudisha lilivyokuwa. Akaniangalia, akavuta sahani yake, tukala. Yule mama bado ameinua mkono.