Siku Papa Alipogawa Utoto Wangu

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokaangwa mlangoni, hunirudisha kwenye ukumbi wa video wa Kamembe, miaka ile tuliporudi kutoka Bukavu na vita bado vikiendelea kule, ng'ambo ya mto wa mpaka. Humo tuliona filamu ya mapenzi ya kuchekesha: bwana mmoja anakodi mke na watoto ili bosi wake amwone mtu wa heshima, kisha anampenda kweli yule mke wa kukodi. Papa alicheka hadi machozi. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliigiza yule bwana, nami nilimshika mkono na kujiona mwenye bahati.

Consolata, mshonaji aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yetu, hakubakiwa na ndugu hata mmoja baada ya mauaji ya kimbari. Mchumba wake alipotaka kuleta posa, Consolata alimwomba Papa akae mahali pa baba yake. Wakati ule wengi waliazima wazazi namna hiyo, wala hakuna aliyewacheka. Ila shangazi wa mchumba, mwanamke wa kijiji cha Nkungu, hakutaka binti asiye na watu, kwa hiyo aliambiwa kuwa Papa ndiye aliyemzaa Consolata. Mimi nilikuwa mtoto pekee, Maman alishafariki, na sikuwahi kugawana baba na mtu. Nilinuna hadi siku yenyewe.

Wageni walipokwisha kukaa, yule shangazi aliuliza binti alikuwa mtoto wa namna gani. Papa alimfahamu Consolata kwa miezi tu. Basi akaanza kusimulia utoto wangu mimi kana kwamba ni wa Consolata: ngurumo ikipiga alikimbilia chini ya kitanda na kuku mkononi, na shuleni hakwenda mpaka abebwe mgongoni. Watu walicheka kwa upendo, na Consolata akainamisha kichwa kwa haya, utadhani utoto ule ni wake. Kwa wivu niliisukuma Fanta yangu kando. Shangazi akanigeukia, na kwa kuwa Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubabaisha, akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu:

"Mutoto, ni kweli dada yako alikuwaka vile?"

Neno langu moja lingevunja ndoa. Nilimtazama Consolata, nikamchukia kwa moyo wote.

"Ndiyo, Maman. Njo vile alikuwaka," nikakubali kwamba ndivyo alivyokuwa.

Posa ikapokelewa, vigelegele vikapigwa.

Siku hizi hukodiwa ukumbi na msemaji mwenye kipaza sauti, na kila kitu hupigwa picha. Sisi hatukupiga hata moja. Papa sasa ni mzee, kumbukumbu zinamtoka, nami naishi Kigali. Consolata ndiye anayemwogesha na kumkata kucha. Nikipiga simu, yeye humshikia simu sikioni na kumwambia kwamba ni mtoto wake anataka kumsalimia. Juzi nilimsikia Papa akimjibu, kwa sauti ile ya upole ninayoijua:

"Mutoto wangu si njo weye?"