Bustani ya Kiwanda cha Rangi

Mama wa mapokezi pale kiwanda cha rangi ana sauti ya kubembeleza, lakini vidole vyake havijui kutulia. Akizungumza na vijana waliokuja kutafuta kazi, hupangusa majani ya ua lililo mezani, jani moja baada ya jingine, mpaka yang'ae kuliko viatu vya bosi. Huwatembeza bustanini, akawaonyesha paa la umeme wa jua. Nyuma, ambako bomba linamwaga maji machafu mtoni, hawapeleki. Vijana huja kwa wingi, wengine wameacha kazi kwingine, wakisema wanataka mwajiri anayejali mazingira. "Karibuni, wanangu," huwaambia, kisha hugeuza uso na kukohoa kwenye mtandio wake.

Juzi kwenye foleni alikuwemo binti wa dada yake, aliyekuja bila kumwambia mtu. "Mama mdogo, nimewakataa wale wa saruji," alisema kwa furaha. "Wanachafua hewa. Nyinyi mna utu." Vidole vikasimama juu ya jani. Mama akafungua kinywa, kisha akamwona bosi mlangoni. Akampeleka binti bustanini kama wengine. Huko, akijifanya anamwekea kola sawa, akamnong'oneza, "Ukianza kazi, maji ya kunywa uje nayo kutoka nyumbani. Ya hapa usiyaguse."

Binti akacheka. "Mama mdogo na usafi wako," akasema, akaenda kumpa bosi mkono.