Jezi Namba Kumi na Tatu

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya ligi kufunguliwa Lodwar, Kocha Lam huniletea gunia la jezi za Tarach, timu yetu ya kikapu, nizirekebishe, na kila mwaka nikilifungua natamani kutapika. Si kwa harufu. Harufu ya jasho naiheshimu. Kinachonichefua ni jezi za watu wa benchi, kwa sababu karibu zote zinarudi vilevile nilivyozitoa: namba inang'aa, kwapa kavu, shingo haijavutwa na mtu. Kaptura zao tu ndizo zimechakaa, na zimechakaa matakoni.

Mimi ni Apua, fundi wa cherehani hapa Kakuma mjini. Nilizaliwa Kataboi, kwa watu wa samaki, ambako hakuna aliyewahi kuona mpira wa kikapu. Niliupenda siku nilipoletewa kazi ya jezi za kwanza za Tarach, nikalazimika kupanda juu ya stuli ili nimpime kijana mmoja wa Sudan Kusini. Nikasema lazima nikaone urefu wote huu unafanya kazi gani. Nikaenda uwanjani, kwenye kambi ya wakimbizi, na tangu hapo, miaka kumi na moja sasa, sijakosa mechi. Watu husema naijua timu kuliko kocha, nami sijawahi kuwakatalia.

Basi mwaka huu nikazitundika jezi za benchi kwenye kamba mbele ya kibanda, zote nne, nikaanza kuwachambua wenyewe mmoja mmoja. Hiyo ni desturi yangu. Akina mama wanaosubiri sare za watoto hukaa chini wakacheka, na Kocha Lam husimama pembeni akijifanya anaangalia simu.

Nilianza na namba saba, Tap. Tap ni mrefu kama nguzo ya stima, lakini nguzo zenyewe ni zile za huku kwetu, stima hazina. Mpira ukiwa juu, yeye huungoja ushuke. Jezi yake ilinukia marashi! Niliinusa mara mbili kuhakikisha. "Huyu ukimweka chini ya kikapu," nikamwambia kocha, "kazi yake ni kutupa kivuli."

Namba tisa, Awan, mwaka jana aliniomba nimbanie jezi mbavuni ili kifua kionekane. Nikambania. Sasa hawezi kuinua mikono kutupa mpira, lakini picha zake zinatoka vizuri sana.

Namba kumi na tano alinikera zaidi kwa sababu ni mtoto wetu, Mturkana. Anaitwa Ebei, na mjomba wake ndiye hutoa gari la timu. Alikuwa ameniletea kaptura yake niishonee mfuko wenye zipu.

"Mfuko wa nini?" nilimwuliza.

"Ya simu, mama. Kukaa benchi inaboo."

Mchezaji anaomba mfuko wa simu kwenye kaptura ya mechi! Niliushona, Mungu anisamehe, maana fundi hakatai kazi. Nikawaonyesha akina mama ile zipu, wakashika mbavu kwa kicheko.

Halafu nikafika kwa namba kumi na tatu, na hapo hata mimi nikaacha kucheka. Ni ya Dhieu, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, ambaye amekaa benchi misimu tisa na dakika alizocheza nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa niambie, kwa nini jezi ya mtu asiyecheza imeraruka begani? Kwa nini shingo imelegea, na kifuani na mgongoni kuna madoa meupe? Mimi nilijua. Dhieu hufanya kibarua cha kubeba magunia ya unga kwenye maduka ya kambini, nimemwona kwa macho yangu. Nikaishika jezi kwa vidole viwili, nikaiinua juu.

"Jezi ya timu anabebea unga!" nikapaza sauti. "Kuna vijana wanalilia nguo hii, yeye ameifanya ovaroli!"

"Mama Fundi," kocha akasema polepole, "Dhieu si mtu mbaya. Huko mazoezini yeye..."

"Mazoezi ya nini na hachezi? Huyo mwache. Afadhali upeleke Tap na marashi yake."

Kocha akanieleza lililokuwa likimsumbua. Gari la mjomba wa Ebei lingebeba wachezaji wanane tu. Watano wa kwanza walijulikana, kwa hiyo katika hawa wanne wa benchi mmoja angebaki. Na majina yalitakiwa ofisini kabla ya saa sita, kwa sababu mtu wa kambini hawezi kwenda Lodwar bila kibali cha kusafiri. Nilipomwambia basi Dhieu ndiye abaki, niliona uso wake umelainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda zake. Nilidhani nimemsaidia.

Alasiri nikakaa kuzishona. Jezi ya Dhieu nilikuwa naitengeneza apewe mtu mwingine mwenye adabu. Nikaunga bega, nikainama, nikakata uzi kwa meno kama nilivyozoea tangu usichana wangu, na midomo ikagusa kitambaa.

Nikatema mate. Ilikuwa chumvi.

Nikaingiwa na wasiwasi. Nikairudia, nikaweka ulimi kwenye lile doa kwa makusudi, kinyaa na yote. Unga hauna chumvi. Lile lilikuwa jasho, limekauka tabaka juu ya tabaka. Nikaigeuza jezi kwenye mwanga. Gunia humkwaruza mtu mgongoni, lakini mgongo wa jezi hii ulikuwa mzima kabisa. Ilikuwa imeraruka kwa mbele, shingoni na begani, mahali ambapo mtu hukamatwa kwa vidole. Miaka yote hii ya ufundi na sikutazama, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema.

Kabla jua halijatua, Dhieu mwenyewe akaja, akainama mlangoni kwa sababu paa langu ni fupi.

"Ejok, mama."

"Ejok-nooi." Shati lake lilikuwa wazi juu, nami nikaona alama za kucha chini ya shingo, nyingine mbichi, nyingine za zamani. "Nani amekuparura hivyo?"

Akacheka. "Kuol. Kila siku mazoezini. Mimi ndio namkaba. Kocha anasema, Dhieu, wewe kuwa adui. Basi mimi nakuwa adui. Kuol akijua kunipita mimi, Lodwar hakuna mtu atamshika."

Kuol ndiye nyota wetu. Miaka mitatu nimetamba naye sokoni kana kwamba nilimzaa mimi, na sikuwahi kujiuliza amejifunzia kwa nani.

Dhieu hakuja kugombana. "Kocha amesema siendi," alisema. "Amesema hata Mama Fundi ameona ni sawa." Alilisema bila uchungu, na afadhali angenitukana. Kisha akaweka mezani mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya shule, vipya. "Wewe unaenda, mama. Tafadhali, mpe Ayen. Ni msichana yangu. Usimtafute, atakuja mwenyewe hapo benchi."

Nikamsogezea stuli. Miaka tisa nimemshonea na hapo ndipo nilipomwuliza habari zake kwa mara ya kwanza.

Aliletwa Kakuma akiwa mtoto wa miaka tisa, ameshika mkono wa mjomba ambaye naye alikufa baadaye. Alisoma hapa, akakua hapa, akarefuka hapa mpaka watu wakamwambia mpira wa kikapu ni wake. Hakuwa na kipaji, anajijua. Akampenda Nawoi, mwanamke wa Lodwar aliyekuwa akija kambini kuuza samaki wakavu, na wakapata Ayen. Lakini Dhieu hakuwa na mifugo, na kwa Waturkana, kama ilivyo kwa Wadinka wenzake, mtoto ambaye mama yake hajatolewa mahari ni wa ukoo wa mama. Yeye mwenyewe alinieleza hivyo, akasema ndiyo haki. Nawoi sasa anafanya biashara Kapedo, na msichana analelewa na bibi yake Lodwar. Bibi akiona namba ya Dhieu kwenye simu, haipokei.

"Ofisini niliuliza kibali ya kuona mtoto," alisema. "Wakaniuliza, mgonjwa? Nikasema hapana. Mazishi? Hapana. Basi nikarudi. Lakini timu inapewa."

Kwa hiyo misimu tisa alikuwa akikaa kwenye lile benchi ninalolicheka. Mwaka mzima anakwaruzwa na Kuol ili mara moja, siku ya ufunguzi, aingie kwenye gari la Lodwar. Siku hiyo humpima Ayen mguu kwa uzi, anaurudisha uzi Kakuma, na mwaka unaofuata anampelekea viatu.

"Hivi nimenunua kwa uzi ya mwaka jana," akasema. "Nimeongeza kidole moja."

Nilijichukia. "Dhieu, mimi ndiye niliyesema uachwe. Nilisema unabebea unga jezi."

"Najua, mama. Malesh," akanipoza, kana kwamba aliyekosewa ni mimi. "Wewe unapenda timu."

Nilimfuata Kocha Lam kwake jioni ile ile nikimtaka abadilishe jina. Akasema majina yameshapelekwa. "Na si wewe ulisema?"

"Wewe ulikuwa unatafuta mtu wa kukusemea!" nikamfokea. "Umemwogopa mjomba wa Ebei, ukajificha nyuma ya sketi yangu." Hakukana. Asubuhi tukaenda ofisini pamoja. Karani akasoma karatasi, akatuambia kwa Kiingereza kwamba orodha imefungwa na jina jipya litasubiri wiki tatu, kisha akayarudia kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa. Mdomo uliponza kichwa, husema Waswahili, lakini wangu ulikuwa umekiponza kichwa cha mtu mwingine.

Siku ya ufunguzi nilifika Lodwar mapema kwa matatu na kukaa kwenye ncha ya benchi, viatu mapajani. Tap, Awan na Ebei walikaa pamoja, na nafasi ya nne ikabaki wazi. Kabla ya filimbi nikamwona msichana mwembamba anakuja na chupa ya maji, shingo ndefu, mwendo wa Dhieu mtupu. Alikaa chini kwenye saruji, nyuma ya ile nafasi iliyo wazi, akaiweka chupa pale juu ya benchi. Kisha akangoja.

Nilijua ni yeye. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa neno la kumwambia mtu, nilikosa. Robo ya kwanza ikaisha. Alikuwa akitazama mlango wa choo, kana kwamba baba yake angetokea huko. Robo ya pili Kuol akachoka, Ebei akaingizwa, na katika kukimbia kwake kwa kwanza ile zipu yangu ikafunguka, simu ikaanguka uwanjani. Ebei akasimama kuiokota, na watu wa Lodwar wakampita wakafunga. Uwanja mzima ukacheka. Mimi niliuona mfuko wangu unaning'inia nje kama ulimi, nikainamisha kichwa.

Wakati wa mapumziko msichana akanigusa bega.

"Mama, huyu ya kumi na tatu ako wapi? Ameumia?"

"Hajaumia."

"Ama kocha atamwingiza robo ya tatu?" Alikuwa na hofu usoni, nikamwuliza kwa nini anaogopa baba yake kucheza. "Akicheza hatuongei," alisema. "Yeye akikaa hapo, na mimi hapa nyuma, tunaongea mpaka mpira inaisha. Kila mwaka naomba Mungu kocha asimwite."

Nikamwambia hakuja. Nikamwambia gari lilikuwa dogo, mmoja aliachwa.

"Nani alichagua?"

Kocha Lam alikuwa karibu, akaanza kufuta ubao wake ambao haukuwa na kitu. Ebei alikuwa akikagua kioo cha simu.

"Mimi," nikasema. "Niliona jezi yake chafu."

Nikampa mfuko. Akatoa viatu, akakaa kwenye nafasi ya baba yake, akaingiza mguu. Vidole vikaingia, kisigino kikakataa. Akasukuma, akasukuma tena.

"Amesahau mguu yangu," akasema.

"Hajasahau. Amepima kwa uzi wa mwaka jana, mama. Wewe ndiye umekua." Nikavuta tepu ya kupimia shingoni, ambapo hukaa siku zote, nikapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote. "Lete mguu nikupime. Nitampelekea kipimo leo hii hii."

Kisha akaurudisha mguu wake chini ya benchi.

"Hapana," alisema. "Mimi napimwa na baba."

Akavirudisha viatu kwenye mfuko, akaufunga vizuri, akauweka mikononi mwangu juu ya ile tepu.

"Mwambie alete mwenyewe."

Akachukua chupa yake ya maji, akaondoka kabla ya robo ya tatu kuanza.