Gauni la Zambarau Siku ya Picha ya Familia

Nikiwasimulia haya msinicheke sana, maana mpaka leo nikipita soko la Githongo kuna mama mmoja wa ndizi huniuliza bwanangu anaendeleaje, na mimi sina bwana, sijawahi kuwa naye, nilikuwa na mpiga picha tu.

Ilianza vizuri. Kaka yangu Mwenda alikuwa anarudi kazini Qatar Jumatatu, na nyumbani hatukuwa na hata picha moja yenye sisi wote (ile ya ukutani Mwenda hayuko, na mimi nimefumba macho), basi nikaamua kuwashtukiza wazazi: mpiga picha aje nyumbani Jumamosi, sote tukiwa tumevaa kitambaa kimoja. Nikanunua kitenge cha manjano Meru mjini, nikapeleka kwa fundi wetu Githongo pamoja na nguo za kanisa za Mama na Baba nilizoiba kabatini ili apimie. Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilijiwekea ile manjano shingoni mbele ya kioo cha fundi, nikajiona kama mtu ametoka kuugua, nikamwambia, "Mimi nishonee ya zambarau, ile ndefu, nikae katikati nionekane."

Fundi akasimamisha cherehani. "Wengine wote manjano, wewe peke yako zambarau?"

"Eeh. Na usiambie mtu, sitaki Mama ajue."

"Mimi? Kwani unanionaje, Gacheri?" akasema, akitabasamu tabasamu ambalo ningekuwa na akili ningeliulizia.

Sasa fikiria kama mtu wa kwetu. Msichana anayefanya kazi mjini, miaka thelathini na nne, anashonea familia nzima sare na yeye ana rangi yake, anasema ni siri, halafu kakake anaonekana akibeba viti vya kanisa (nilimtuma mimi, tukae vizuri), na babake anakata ua wa barabarani kwa sababu ameambiwa kuna mgeni. Hata mimi ningesema ni ruracio, watu wanakuja kuleta mahari.

Jumamosi nikampa Mama gauni lake, nikamwambia avae tu asiulize. Alifunga vifungo polepole, kimoja kimoja, lakini nani alikuwa anaangalia vifungo? Nilikuwa chumbani napaka poda niliposikia wimbo. Nikachungulia dirishani. Kina mama wa kijiji walikuwa wamejaa langoni na sufuria za mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, pamoja na kuni na viondo vya ndizi, wakiongozwa na jirani yetu Mama Karimi, na lango wamelifunga kwa leso ili wageni wasipite kabla ya kuimbiwa, vile hufanywa. Na mgeni alikuwa ameshafika: mpiga picha wangu, kijana mpole wa Nchiru, shati jeupe, mwavuli wake wa taa mkononi.

"Mmetoka wapi, na mnatafuta nani?" Mama Karimi akauliza kwa wimbo.

"Nimetoka Nchiru," akajibu kwa adabu. "Nimeitwa na Gacheri."

Vigelegele! Mmoja akamnyang'anya mwavuli, mwingine akamfunga leso kiunoni, na yule kijana (aliniambia baadaye alidhani ni mpango wetu, wateja wana mambo siku hizi) akacheza. Alicheza vizuri kweli. Nikasikia mama mmoja akisema, "Ni mfupi, lakini ako na heshima."

Nikatoka mbio kuwanyamazisha, nikiwa ndani ya zambarau yangu, na waliponiona kelele zilipanda mpaka kuku wakakimbilia kwenye shamba la kahawa. Hapo mlangoni nikakutana na Mama. Alikuwa analia. Akanishika mikono yote miwili.

"Gacheri mwana wangu, kumbe ni kweli? Fundi aliniambia, nikaogopa kukuuliza."

Aibu ya kijiji ningeibeba, lakini uso wa Mama ulinimaliza. Miaka yote hiyo hajawahi kunisukuma hata siku moja, na sikujua alikuwa anangoja hivyo. Nikasema polepole, halafu kwa sauti kwa sababu walikuwa bado wanaimba, "Mama, huyo ni wa kamera. Nilitaka tu tupigwe picha sote kabla Mwenda hajaenda."

Wimbo ukakatika. Kijana akaanza kufungua leso. Fundi, ambaye pia alikuwa amekuja na sahani yake, akaangalia viatu. Mama akanitazama, akatazama sufuria, akamtazama Baba aliyekuwa ameshavaa koti juu ya manjano yake tayari kupokea wakwe, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Karimi, huo mukimo haurudi," akasema. "Ingieni nyote mpigwe picha, mtoto wangu amependeza."

Basi tukapigwa. Kwanza sisi wanne, halafu kijiji kizima, fundi akijificha nyuma ya Mwenda, kisha tukala mpaka mvua ikatuingiza ndani.

Nimeapa: picha ijayo nitavaa manjano kama wenzangu, na nitaitangaza kanisani kabla ya mahubiri, nieleze mpiga picha ni nani na anakuja kufanya nini.

Ile ya kijiji kizima ndiyo Mama aliyoitundika sebuleni. Wageni wakiuliza ilikuwa sherehe ya nini, mimi hukimbilia jikoni, lakini yeye hujibu bila haraka, "Ilikuwa ya Gacheri."

"Alikuwa anaolewa?"

"Hapana. Ilikuwa yake tu." Halafu anawaongezea chai.